Nani Atakaa na Mjomba?

Bibi yangu alipofariki Muheza, mimi nilikuwa Cardiff, mji mkuu wa Wales, nikifanya zamu za usiku katika nyumba ya watu watatu wenye ulemavu wa akili. Sikuweza kwenda kuzika. Baada ya arobaini mama alinipigia simu. Ukoo ulikuwa umekaa kikao, michungwa imeshazungumzwa, madeni ya marehemu yameshalipwa, na likabaki jambo moja ambalo kila mtu alikuwa akilizunguka: nani atakaa na mjomba?

Mjomba ni mdogo wake mama. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Watoto wa mtaani walizoea kumwita taahira, neno ambalo bibi alilijibu kwa fimbo. Sasa amepita miaka 50. Anajua kuchota maji, kuchuma machungwa, na kukumbuka nani hajamlipa hela yake ya kubeba ndoo. Hajui kusoma saa wala kuhesabu chenji. Maisha yake yote ameishi na bibi.

"Wewe ndiyo kazi yako hiyo huko, mwanangu," mama aliniambia. "Hebu tuambie, wenzetu wanafanyaje? Serikali inawaweka wapi watu kama mjomba wako?"

Nilijua swali hilo limetoka wapi. Mjomba mkubwa alikuwa amependekeza atafutiwe kituo, na alitaka nithibitishe kwamba Ulaya ndivyo inavyofanyika. Nikamwambia mama nitampigia tena. Ukweli ni kwamba nilijua kutoa dawa kwa saa, kujaza daftari la zamu na kupika viazi bila chumvi nyingi, lakini sikujua nyumba ile niliyokuwa nalala macho ndani yake ilitokea wapi. Nikaanza kusoma, na nikaanzia jirani. Basi langu la kwenda kazini lilipita mtaa wa Ely, magharibi mwa Cardiff, na hapo ndipo sera nzima ya Uingereza kuhusu watu kama mjomba ilipogeuzwa.

Kabla ya kufika Ely, inabidi turudi mwaka 1913. Mwaka huo Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Upungufu wa Akili. Sheria hiyo iliwagawa watu makundi manne, na majina ya makundi hayo leo ni matusi matupu: mazezeta, mapunguani, wenye akili dhaifu, na wenye upungufu wa maadili. Ilikuwa enzi ya imani kwamba umaskini, ulevi na uhalifu hurithiwa kwa damu, na kwamba taifa litadhoofika iwapo watu "dhaifu" wataachwa wazae. Kwa hiyo shabaha ilikuwa kuwatenga. Zikajengwa koloni, ndivyo zilivyoitwa, nje ya miji, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mwanamke aliyehesabiwa kuwa na upungufu huo, akizaa nje ya ndoa huku anapokea msaada wa maskini, aliweza kufungiwa humo. Wabunge waliopinga walikuwa wachache sana. Mmoja wao, Josiah Wedgwood, alipambana na muswada huo karibu peke yake, akiona kwamba unawanyima watu uhuru bila ya kosa lolote.

Mwaka 1948 Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanzishwa, ilizirithi koloni hizo na kuziita hospitali. Sheria ya 1913 ilifutwa na sheria mpya ya afya ya akili ya mwaka 1959, lakini kufuta sheria hakukufungua mageti. Watu hawakuwa na pa kwenda. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, Uingereza na Wales zilikuwa na karibu watu 60,000 wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiishi hospitalini. Wengi hawakuwa na ugonjwa wowote wa kutibiwa. Waliingia wakiwa watoto na wakazeekea humo.

Katika nyumba niliyofanya kazi, mmoja wa wakazi alikuwa mzee aliyetoka katika mojawapo ya hospitali kubwa za enzi hizo. Sitaitaja hospitali yake wala jina lake. Alikuwa amepita miaka 70. Alificha vipande vya mkate chini ya mto. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na shingoni alivaa kamba yenye ufunguo wa mlango wa mbele. Tukienda dukani, alifunga mlango mwenyewe, akautikisa mara tatu, ndipo tukaondoka. Wahudumu wapya walidhani hiyo ni sehemu ya ulemavu wake. Nami nilidhani hivyo kwa miezi kadhaa.

Hospitali ya Ely ilianza mwaka 1862 kama shule ya watoto yatima maskini. Baadaye ikawa makazi ya wagonjwa na watu wenye ulemavu wa akili waliohudumiwa chini ya sheria za maskini, na mwaka 1948 ikaingia katika Huduma ya Afya. Mwaka 1967 muuguzi msaidizi mmoja aliyefanya kazi pale alipeleka malalamiko kwa gazeti la Jumapili la News of the World. Mwezi Agosti gazeti likayachapisha bila kuitaja hospitali. Madai yalikuwa mazito: wagonjwa wanapigwa, wanatishwa, chakula na nguo vinaibwa na wafanyakazi, na mkuu wa wauguzi akiambiwa hajali.

Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi na kumweka mwenyekiti wakili mmoja mzaliwa wa Wales aliyekuwa amepoteza kiti chake cha ubunge mwaka uliotangulia. Jina lake Geoffrey Howe. Wasomaji wa historia ya Uingereza watamkumbuka kwa mambo mengine, kwa sababu baadaye alikuwa Waziri wa Fedha na kisha wa Mambo ya Nje wa Margaret Thatcher. Lakini mimi naona kazi yake kubwa ni hii ya Ely. Kamati yake haikuishia kuuliza nani alimpiga nani. Iliuliza pia kwa nini wadi zimejaa kupita kiasi, kwa nini wafanyakazi hawatoshi, kwa nini wauguzi waliolalamika ndio walioishia kupata taabu, na wale wakubwa waliopaswa kukagua walikuwa wapi. Ilikuta mahali palipozoea hali mbaya hadi hali mbaya ikaonekana kawaida.

Wapo waliotaka itolewe muhtasari tu. Howe alishikilia ripoti itoke nzima, na waziri aliyehusika, Richard Crossman, akakubali. Mwezi Machi 1969 ikachapishwa. Crossman alijua kwamba akishaitoa hataweza kukaa kimya bila kufanya kitu, na alitaka iwe hivyo. Mwaka huohuo kikaundwa chombo cha kuzikagua hospitali za aina hiyo. Mwaka 1971, serikali nyingine ikiwa madarakani, ukatolewa waraka wa sera uliosema vitanda vya hospitali vipunguzwe kwa karibu nusu katika miaka 20 hivi, na halmashauri za miji na wilaya zijenge makazi katika jamii.

Hapo nilidhani nimepata jibu la mama. Lakini nilipoendelea kusoma niliona kwamba waraka wa 1971 ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulikuwa bado unawaza majengo. Makazi mengi yaliyojengwa baada yake yalikuwa mabweni ya watu 20 au zaidi, yenye jiko moja kubwa na ratiba moja ya kuoga. Watu walitoka kwenye hospitali kubwa wakaingia kwenye hospitali ndogo. Ufunguo ulibaki kwenye mkanda wa mfanyakazi.

Wazo lililovunja mpango huo lilikuwa limeanzia Skandinavia. Mwaka 1959 sheria ya Denmark iliweka lengo kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili aishi maisha yaliyo karibu kabisa na ya kawaida. Msweden Bengt Nirje akalifafanua wazo hilo mwaka 1969 kwa mambo madogo ya kila siku: kulala na kuamka kwa saa zinazomfaa mtu mzima, kuwa na siku ya kazi na siku ya mapumziko, kula kwenye meza ya watu wachache, kuishi katika dunia yenye wanaume na wanawake. Ni mambo ambayo hakuna mtu angeyaita sera, hadi anyimwe.

Cardiff ikalijaribu. Mwaka 1974 kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu, mmoja wao akiitwa Jim Mansell, kilipata nyumba ya kawaida mjini humo na kuhamia pamoja na watu waliotoka Hospitali ya Ely. Wakapika pamoja, wakaosha vyombo pamoja. Mansell baadaye alikuwa profesa na kuandika ripoti za serikali kuhusu watu wenye mahitaji makubwa zaidi, wale ambao kila mtu alisema hawawezi kuishi nje ya hospitali. Mwaka 1981 ukaanza mradi wa NIMROD, magharibi mwa Cardiff, uliochukua eneo moja la mji na kuazimia kumhudumia kila mtu mwenye ulemavu wa akili wa eneo hilo hapohapo, wengine kwao na wengine katika nyumba za mtaani zenye wahudumu. Nyumba zenyewe zilikuwa za matofali kama za jirani, bila kibao mlangoni.

Kisha ukaja mwaka 1983, na hapa ndipo historia ya Wales inapomhusu mjomba wangu zaidi ya nilivyotarajia. Wizara ya Wales, chini ya Nicholas Edwards, ilitoa Mkakati wa Wales Nzima. Ulisimama juu ya haki tatu: kuishi maisha ya kawaida ndani ya jamii, kutendewa kama mtu mmojammoja na si kundi, na kupewa msaada wa ziada ili mtu afikie uwezo wake. Maneno kama hayo yalishasemwa mwaka 1979 na kamati ya Peggy Jay, na serikali ya London haikuyafanyia mengi. Tofauti ya Wales ilikuwa fedha. Mkakati ulitengewa fungu lake, na kaunti haikulipata bila kuleta mpango. Tena mpango huo ulipaswa kuandaliwa pamoja na wazazi na watu wenye ulemavu wenyewe.

Fedha za mwanzo hazikwenda kwanza kwa waliokuwa hospitalini. Kipaumbele walipewa waliokuwa nyumbani na jamaa zao. Hata katika enzi za koloni, watu wengi wenye ulemavu wa akili Uingereza waliishi na mama zao, kama mjomba alivyoishi na bibi. Walikuwa hawaonekani kwa sababu hawakuwa kwenye takwimu za vitanda. Mkakati ulimpelekea mama huyo mhudumu wa kumsaidia saa chache kwa wiki, mahali pa mwanawe kulala siku mbili tatu ili yeye apumzike, na mtu wa kukaa naye kupanga mapema swali lile la ukoo wetu: wewe ukiondoka, nani atakaa naye?

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Watu wa hospitalini walisubiri zaidi, na kuhama kwao kukaenda polepole kuliko ilivyoahidiwa. Hospitali ya Ely ilifungwa mwaka 1996, miaka 27 baada ya ripoti ya Howe. Mtu aliyekuwa na miaka 30 wakati ripoti inachapishwa, kama alibaki hadi mwisho, alitoka akikaribia 60.

Jambo la mwisho lililobadilika ndilo nililoliona kwa macho yangu. Zamani mtu akiingia kwenye makazi, kitanda na huduma vilikuwa mkataba mmoja. Akigombana na wahudumu, anapoteza na pa kulala. Kuanzia miaka ya 1990 ulienea utaratibu wa kuvitenganisha. Mzee wangu wa ufunguo alikuwa mpangaji, mwenye mkataba wa pango kama mpangaji yeyote, na kodi yake ililipwa kwa posho ya nyumba. Huduma ililipwa na halmashauri kwa mkataba mwingine kabisa. Kampuni iliyoniajiri ilipopoteza mkataba huo, sisi wahudumu ndio tuliobadilisha sare. Wao watatu hawakuhamisha hata kijiko.

Nisingependa mtu adhani kwamba mambo yaliishia vizuri. Ukivuka mlango wa mto Severn kutoka Wales unafika upande wa Bristol. Huko, tarehe 31 Mei 2011, kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri ndani ya Winterbourne View, hospitali binafsi ya vitanda 24. Wafanyakazi walionekana wakiwapiga, wakiwaburuta na kuwadhihaki watu wenye ulemavu wa akili. Malipo yalikuwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa mtu mmoja, na yalitoka katika mfuko wa umma. Kama kule Ely, aliyefichua alikuwa muuguzi, na kama kule Ely, alikuwa ameshalalamika kwa wakubwa bila ya kusikilizwa. Watu 11 walitiwa hatiani, na 6 kati yao walifungwa.

Serikali iliahidi kwamba kufikia Juni 2014 kila mtu aliyewekwa hospitalini isivyostahili angekuwa ameondoka. Tarehe ikapita. Mwaka 2015 ukaja mpango mwingine, wa kufunga kati ya asilimia 35 na 50 ya vitanda kufikia Machi 2019. Nayo ikapita, na miaka kadhaa baadaye watu wapatao 2,000 wenye ulemavu wa akili au usonji walikuwa bado hospitalini Uingereza. Sababu si ngumu kuielewa. Kitanda cha hospitali kinalipwa na mfuko mmoja, na nyumba ya mtaani inalipwa na mwingine. Kila mfuko unasubiri mwenzake, na mtu anabaki palepale alipo.

Na hata nyumba nzuri haitoshi. Katika miaka yangu miwili pale, jirani aligonga mlango mara moja tu, kulalamika kuhusu pipa la taka. Mzee alikuwa na ufunguo, mkataba, chumba chenye joto na wahudumu wa kulipwa saa 24, lakini nje ya sisi tuliolipwa hakuna mtu aliyejua siku yake ya kuzaliwa. Mjomba, kwa upande wake, hawezi kutembea hatua 100 Muheza bila kuitwa kwa jina. Akipotea, mwendesha bodaboda yeyote anamrudisha.

Nilipenda kuishia hapo na kusema sisi tunajua kuishi na watu. Lakini nakumbuka harusi ya mama mdogo. Nilikuwa na miaka 9. Wageni wa upande wa bwana harusi walipokaribia, mjomba alipelekwa chumba chake cha uani, na mtu akasukuma komeo. Lilikuwa limepigiliwa upande wa nje wa mlango. Nilimsikia akigonga hadi ngoma zilipozidi sauti. Bibi yangu, aliyewachapa watoto kwa ajili yake, alikuwepo.

Nilimpigia mama siku ya Ijumaa, akaweka simu kwenye spika. Nikawaambia kwamba Waingereza waliwaweka watu wao vituoni kwa miaka 80, na tangu hapo wanalipa gharama ya kuwatoa. Mjomba mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la haki kabisa: "Sawa mwanangu, lakini huko serikali ndiyo inayolipa. Hapa atalipa nani?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka uleule wa Uingereza. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinampa mtu kama mjomba haki ya kuchagua akae wapi na akae na nani, na kupata huduma za kumwezesha kuishi katika jamii. Tunayo pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Lakini Wales yenyewe iliyasema maneno mazuri kabla ya 1983, na hayakumhamisha mtu hadi yalipotengewa fungu. Hilo ndilo la kuwadai wanaotuomba kura, na nilimwambia hivyo. Akaguna.

Kisha nikauliza kama mwenyewe ameulizwa. Pale Muheza pakawa kimya. Vikao vitatu vilikuwa vimefanyika, na mjomba alikuwa akiwaandalia watu maji ya kunawa.

Mama akampa simu. Mjomba aliniuliza kama huku kuna machungwa. Nikamwambia yapo lakini hayana utamu. Nikamwuliza anataka kukaa wapi. Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa: "Chumbani kwangu."

Tulichokubaliana ni kidogo na kinaweza kuvunjika. Nyumba ya bibi haitauzwa. Binamu yangu na mumewe wamehamia humo, na sehemu ya mauzo ya machungwa ni yao kwa ajili ya kazi hiyo, imeandikwa na mashahidi wamesaini. Mimi natuma ninachoweza. Binamu akichoka, au akipata kazi Dar es Salaam, tutarudi kwenye kikao, na bado hakuna ofisi ninayoijua itakayombeba mjomba wakati sisi tunashauriana.

Niliomba jambo moja zaidi, na mama akanitumia picha. Komeo limehamishiwa ndani. Upande wa nje wa mlango bado yanaonekana matundu manne ya misumari.